Mtumwa, Mtume, Mungwana

Salamu kwenu wa Kasongo, kwenu wa Kabambare, na kwenu mlioko huko kwenye makambi ya dhahabu, ambako gazeti letu hufika likiwa limekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa mtu wa pikipiki. Katika ukurasa huu wa Asili ya Maneno tumezoea kufungua maneno kama mtu anayebambua karanga, moja baada ya jingine, tunacheka kidogo, tunaenda. Mwezi huu hatutacheka sana. Kuna barua.

Aliyeandika ni kijana anayechimba upande wa Namoya. Jina lake tunalihifadhi. Anasema amekwisha kujionyesha kwa wazazi wa binti mmoja hapa Kasongo, mbuzi wamehesabiwa, siku ya mahari imetajwa. Ndipo katika kikao cha jamaa baba mkubwa wa binti akasimama: “Sisi ni bangwana. Babu ya huyu kijana alikuwaka mutumwa ndani ya lupango ya babu yetu. Mutoto yetu hataolewa kule.” Kikao kikavunjika. Kijana haombi tumtetee. Anauliza tu: “Baba Pasta, wewe unajua mambo ya maneno. Hii neno mutumwa njo nini, na ilitoka wapi? Na bangwana ni kabila gani?”

Tuanze na mutumwa, ama mtumwa kama inavyoandikwa vitabuni. Neno hili halikutoka Uarabuni wala Ulaya. Ni neno la Kibantu, na mzizi wake kila mtoto anaujua: kutuma. Mama anakutuma chumvi dukani. Umetumwa. Basi mtumwa ni mtu aliyetumwa, hakuna zaidi. Ndani ya neno lenyewe hamna mnyororo, hamna fimbo, hamna damu mbaya. Halisemi mtu huyo alizaliwa namna gani wala na nani. Linasema tu kwamba kulikuwa na mwingine aliyemwambia “nenda”, naye akaenda. Uchungu uliingia pale ambapo yule anayetuma alikuwa amemnunua yule anayetumwa.

Sasa angalia. Geuza mwisho wa neno hilo kidogo, unapata mtume. Naye pia ni mtu aliyetumwa. Waislamu wa pwani walikuwa wakilitumia neno mtume zamani, kabla Wakristo hawajafika, nasi tukalikuta tayari, tukalichukua kwa ajili ya wale kumi na wawili na kwa Paulo. Geuza tena, unapata mtumishi, ni kusema anayetumika. Na ninyi barabarani mnaniita nani? “Mutumishi, habari ya asubuhi?” Jina mnalonipa kwa heshima limetoka katika tumbo moja na lile ambalo baba mkubwa amelitupa kikaoni kama jiwe.

Kwa Kigiriki, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa, mambo hayako hivyo. Mtumwa ni “doulos”, mtume ni “apostolos”, na maneno hayo mawili hayana undugu. Mstari wa kwanza wa Waraka kwa Warumi unayo yote mawili, Paulo akijitaja mwenyewe. Msomaji wa Kigiriki anasikia majina mawili mbalimbali. Msomaji wa Kiswahili, akiwa na ile tafsiri ya zamani mkononi, anasikia mtumwa na mtume, na sikio lake linajua kwamba hao ni ndugu. Tafsiri nyingine za karibuni zimeweka mtumishi mahali pa mtumwa, pengine ili kutuhurumia. Mimi napenda ile ya zamani.

Tena kuna jina Onesimo. Hesabu akina Onésime mnaowajua, mashemasi, walimu, hata madereva. Onesimo wa Biblia alikuwa mtumwa wa Filemoni, aliyetoroka, na Paulo akamrudisha na barua. Jina lake kwa Kigiriki maana yake ni “mwenye kufaa”, na lilikuwa jina ambalo mabwana walipenda kuwapa watumwa wao, kama vile mtu anavyoweza kuita shoka lake Mkata-vyote. Paulo mwenyewe anachezea maana hiyo ndani ya barua. Leo wazazi wetu wanapeleka mtoto kubatizwa kwa jina hilo, na hakuna baba mkubwa anayesimama kukataa.

Sasa twende kwa bangwana, kwa maana hapo ndipo kuna kazi.

Mungwana si kabila. Hakuna mlima wa bangwana, hakuna mto wao. Pwani, kule Unguja, Mombasa na Lamu, mwungwana alikuwa mtu huru, asiyekuwa mtumwa wa mtu, tena mtu wa adabu na mwenye nyumba yake. Ni neno la hali, kama vile kusema mtu ameoa ama hajaoa. Chini ya mwungwana pwani ilikuwa na ngazi nzima ya majina. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa palepale pwani, anayejua lugha na desturi. Mjinga alikuwa mtumwa mpya, aliyeshuka juzi kutoka bara, asiyejua kusema wala kusalimia. Ndiyo, ninyi vijana mnaotupiana “mujinga we!” kwenye uwanja wa mpira, neno hilo waliitwa babu zenu kwenye soko la Unguja, siku ya kufika. Hawakukosa akili. Walikuwa hawajajifunza Kiswahili tu.

Sasa misafara inaanza kupanda bara. Inatoka Bagamoyo, inapita Tabora na Ujiji, inavuka Tanganyika, inapita Kabambare, inafika Kasongo na Nyangwe. Livingstone alikaa Kabambare muda mrefu mnamo 1870, miguu yake imejaa vidonda, akiwategemea watu hao wa misafara. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, na tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake watu wa bunduki wakifyatulia soko. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Na hao wenye kubeba mizigo na bunduki za misafara walikuwa nani? Waarabu walikuwa wachache. Wengi walikuwa watu weusi wa pwani na wa njiani, na wengi kati yao walikuwa watumwa wenyewe, ambao bwana zao walibaki Unguja wakingoja faida. Kule pwani wasingethubutu kujiita waungwana. Lakini Unguja iko mbali. Mtu amevaa kanzu, amebeba bunduki, anasema Kiswahili, anaswali, hapa Maniema nani atamuuliza baba yake alikuwa nani? Akajiita mungwana. Stanley alipopita hapa mwaka 1876 aliandika jina hilo, Wangwana, kwa ajili ya wapagazi wake wote, awe huru ama awe mtumwa wa kukodishwa.

Wale waliokimbia moto wa vijiji vyao hawakuwaita bangwana. Waliwaita Batambatamba, na wazee wa kandokando ya Lualaba wamelitunza jina hilo.

Jambo la pili ni hili: mateka wa hapa nao hawakubaki mateka. Kijana aliyekamatwa akiwa na miaka kumi, akalelewa Kasongo ndani ya lupango ya bwana, akajifunza lugha, akapewa jina jipya na baadaye bunduki, baada ya miaka kumi na tano alikuwa anaitwa mungwana na watu wa kijiji kingine. Ndiyo maana lugha yetu iliitwa Kingwana. Mmisionari mwenzetu wa Kiprotestanti, John Whitehead, alichapisha mwaka 1928 kule Wayika, kando ya Lualaba, kitabu cha kufundisha Kingwana. Sisi watu wa Kasongo tunajivuna kwamba Kiswahili chetu kiko karibu na cha Unguja kupita cha Bukavu au Lubumbashi, na ni kweli. Lakini kililetwa hapa juu ya vichwa vya wapagazi, na kilikomazwa na mateka.

Na waliochukuliwa kutoka hapa? Hao walishuka njia ileile, Kabambare, ziwa, Ujiji, Tabora, wakiwa wamefungwa. Walipofika waliitwa Wamanyema, jina la nchi yetu. Wengine walifika kama watumwa, na baadaye wengi wakafika kama askari, wapagazi na wafanya biashara. Leo Ujiji, Bujumbura na Dar es Salaam kuna watu wanaojiita Wamanyema kwa fahari, na katika mtaa wa Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema. Basi pima jambo hili, msomaji. Njia ni moja. Mtu wa Unguja aliyekuwa mtumwa akipanda mpaka Kasongo anakuwa mungwana. Mtu wa Kasongo aliyekuwa huru akishuka mpaka Unguja anakuwa mtumwa na mjinga. Kilichobadilika ni upande aliogeukia alipokuwa akitembea.

Nataka niseme kitu kuhusu wakubwa pia, maana baba mkubwa anaweza kusema: hao ni wapagazi, sisi tulikuwa watu wa Tippu Tip mwenyewe. Vema. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyekaa Kasongo tangu kama mwaka 1875, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo anaeleza namna alivyopata ufalme wa Utetera bila vita. Alikuwa amesikia kwamba dada wa mtemi Kasongo Rushie alichukuliwa mateka katika vita vya zamani. Basi alipofika kwa mtemi alidai kwamba yeye ni wa uzao wa yule dada. Mzee akamkubali, akamwachia utawala. Yaani bwana mkubwa kuliko wote katika nchi hii alipata kiti kwa kusema: mimi ni mjukuu wa mwanamke aliyetekwa. Kama maneno hayo yalikuwa aibu, yeye aliyageuza kuwa cheo.

Ngongo Lutete, mkuu wa vita wake kule Lomami, inaandikwa kwamba utotoni alikuwa mtumwa. Watu waliomwogopa walihesabiwa kwa maelfu. Mwaka 1892 alihamia upande wa Leta ya Mfalme Leopold, na Septemba 1893 watu wa Leta hiyohiyo wakamwua Ngandu. Kwa masultani wa Unguja wenyewe, Majid na Barghash, mama zao walikuwa masuria, ni kusema wanawake walionunuliwa. Kwa sheria yao mtoto wa suria, kama baba yake ni bwana wa nyumba, anazaliwa huru kabisa. Sheria hiyo ilifika hapa pia. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za bangwana wa Kasongo, ukipanda ngazi ya nyanya wa nyanya, utakuta mwanamke aliyeletwa na kamba. Sisemi ili nimtukane mtu. Ni mama zetu hao, na mchele tunaokula walitwanga wao.

Vijana wanaosoma Kiingereza wataniuliza kama kwa Wazungu ni tofauti. Si tofauti hata kidogo. Neno la Kiingereza la mtumwa, “slave”, na la Kifaransa, “esclave”, yalitoka katika jina la taifa. Waslavi ni mataifa ya Ulaya ya mashariki: Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia na wengine. Katika karne za kati walikamatwa na kuuzwa kwa wingi sana, mpaka jina la kabila likawa jina la hali, na Ulaya ya magharibi ikasahau ilikuwa kabila. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa wa watu hao. Hakuna askofu aliyesimama Roma mwaka 1978 akasema babu yake alikuwa mutumwa.

Kabla ya neno hilo Waingereza wa kale walikuwa na lingine, “wealh”. Mwanzo wake lilikuwa na maana ya mgeni, asiyesema lugha yetu. Waingereza walipokuja kwenye kile kisiwa, kutoka upande wa Ujerumani, wakiwasukuma wenyeji kuelekea milima ya magharibi, waliwaita wenyeji hao kwa neno hilo. Fikiri kidogo: wageni wanawaita wenyeji wageni! Na kwa kuwa wenyeji wengi walifanywa watumwa, “wealh” likaanza kutaja pia mtumwa. Kutoka neno hilo limekuja jina la nchi ya Wales na la watu wake kwa Kiingereza mpaka leo. Wenyewe kwa lugha yao wanajiita Cymry, ni kusema watu wa nchi moja.

Na huko Wales, katika mji wa Denbigh, mwaka 1841, alizaliwa mtoto nje ya ndoa, jina lake John Rowlands. Alitupwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakulia humo. Baadaye alikwenda Marekani, akajipa jina jipya, akajiita Henry Stanley, na kwa miaka mingi alificha alikotoka. Ndiye huyo aliyefika Nyangwe 1876 na kuandika juu ya Wangwana. Ndiye ambaye watu wa Bas-Congo, alipokuwa akipasua njia kuanzia Vivi, walimpa jina Bula Matari, mvunja mawe, jina ambalo Leta yote ya Wabeleji ililirithi. (Wachimbaji wetu wa Namoya wanavunja mawe kumpita, na hakuna aliyewapa nchi.) Ukiangalia vizuri, Stanley na wapagazi wake walikuwa wamefanya jambo moja: wametembea mbali na nyumbani, wakachukua jina la mtu huru.

Kiingereza cha kale kina mengine ya namna hiyo, nayataja mbiombio. “Knight”, shujaa wa farasi anayepewa cheo na mfalme, zamani lilikuwa “cniht”, mtoto wa kiume ama mtumishi tu. “Lord”, neno ambalo Biblia yao inaweka pale sisi tunapoweka Bwana, limetoka katika “hlafweard”, mlinzi wa mkate. “Boy” katika karne ya 13 lilikuwa la mtumishi kabla halijawa la mtoto. Ndilo lililokuja kwetu na Wabeleji likawa boi, na mzee wa miaka hamsini aliitwa boi na mtoto wa mwajiri wake. Wazee waliofanya kazi Symétain huko Kalima, ama baadaye Sominki, wanamkumbuka boi, wanamkumbuka kapita, jina lililotoka kwa Wareno, na wanaikumbuka poso. Poso ni ile posho ya misafara, chakula cha mpagazi, iliyogeuka kuwa mgao wa juma kwa mfanyakazi wa mgodi.

Na “maréchal”? Mobutu alipojipatia cheo hicho mwaka 1982, redio ililia siku nzima. Katika lugha ya kale ya Wafaranki maana yake ilikuwa mtumishi wa farasi, anayezilisha na kuzisafisha. “Ministre” nalo, kwa Kilatini, ni mtumishi mdogo. Hilo wangelikumbuka kule Kinshasa.

Nimebakiza neno moja ambalo sisi Wakristo tunaliimba kila Jumapili bila kulisikia: Mkombozi. Kukomboa ni kulipa ili kitu kilichoshikwa kirudi. Mchimbaji amemwachia mfanya biashara baiskeli yake kwa sababu ya deni la unga na betri. Akipata gramu zake anaenda kuikomboa. Zamani hivyohivyo kwa mtu. Jamaa waliokuwa na bidhaa au pembe waliweza kumfuata ndugu yao aliyetekwa, wakamkomboa. Mapadri Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879, walikomboa watoto wengi kandokando ya Tanganyika kwa kuwanunua. Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa kuu juu ya kiwanja chake. Askofu Edward Steere, aliyelijenga, ndiye pia aliyetafsiri sehemu kubwa ya Maandiko kwa Kiswahili, na katika kiwanda cha chapa cha misioni vijana waliotolewa utumwani walijifunza kupanga herufi. Kwa hao Mkombozi halikuwa neno la wimbo. Walijua bei, na walijua aliyelipa.

Basi kwako kijana wa Namoya. Usiende kumjibu baba mkubwa kwa hasira, na usikane babu yako. Kama alikuwa mutumwa, alikuwa mutumwa. Kosa ni la aliyemkamata. Nenda na wazee wawili wanaoheshimiwa, na ikiwezekana mmoja awe Mwislamu wa Kasongo anayejua nasaba, maana wao wamezitunza kuliko sisi. Waombe wazee wa nyumba ile wahesabu kwa sauti mama zao, si baba zao tu, mama, mpaka wa nne au wa tano, na walikotoka. Msibishane. Sikilizeni tu. Nimeona vikao vikilainika hapo, kwa sababu jina moja la mama likitajwa, mzee mwingine anasema: kumbe huyo alitoka kwetu.

Na wewe baba mkubwa, kama gazeti hili litakufikia: ukimkataa kijana kwa sababu analewa, ama anaacha franga zote kwenye kambi, ama hajali mzazi, hiyo ni haki ya mzazi, nami nitasimama nawe. Ukimkataa kwa neno mutumwa, basi mwite pasta wako jina lingine, maana la sasa umelifanya tusi.

Kuna swali moja dogo la vijana wa kwaya ya Kabambare, nalo lina uhusiano na haya. Wanauliza “tchao”, wanayosema wakiagana, ni Kifaransa ama Lingala. Ni Kiitaliano, ndugu zangu, na limetoka mji wa Venezia. Watu wa kule waliagana kwa adabu wakisema “s-ciavo vostro”, mimi ni mtumwa wako. Kwa miaka likafupishwa, likafupishwa, mpaka likabaki “ciao”, likasafiri dunia nzima, likafika Kabambare. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutafungua maneno ya mizani na tola, maana wachimbaji watatu wameandika kuuliza kwa nini dhahabu ya Maniema inapimwa kwa kipimo cha Wahindi. Tchao.